Mlango Ulio Juu ya Kaunta

Kila majira ya joto lazima mtu aingie nyumbani kwangu bila hodi na kuniagiza bia.

Simlaumu. Kibao kingali kinaning'inia nje, mbweha na bata wake, na maandishi ya dhahabu ambayo halmashauri ilinilazimisha kuyapaka upya. Mlango ni ule ule mpana wa baa, unafungukia barabarani. Mtu anausukuma, anakuta kaunta ya mwaloni, benchi la mgongo mrefu, meko makubwa ambayo mtu mzima anaweza kusimama ndani yake, na mzee mmoja anakula mkate na jibini mbele ya televisheni. Anavua kofia. "Nipatie nusu ya ile nyeusi, mzee," anasema. Namwambia hapa si baa tena. Anaitazama kaunta, ananitazama mimi, anacheka. Anadhani ni utani wetu wa shamba.

Marehemu mke wangu, Avis, alikuwa hawafukuzi. Alikuwa akiwatengenezea chai.

"Wameshaketi, Clem," alikuwa akiniambia. "Mtu akishaketi ndani ya Mbweha na Bata, haondoki mpaka saa ya kufunga."

Ilikuwa haki yake kusema hivyo, maana alizaliwa humu. Baba yake, mzee Catchpole, ndiye aliyekuwa mwenye baa, na kabla yake alikuwa mama yake mzee Catchpole. Mimi niliingia kwa kuoa. Niliacha shule mapema, nikaajiriwa kuchimba na kusafisha mitaro ya mabondeni, na jioni nikirudi nilipandisha mapipa kutoka ghala la chini ya sakafu. Baba mkwe alipofariki, Avis akashika kaunta. Mwenye baa alikuwa yeye. Mimi nilikuwa mume wa mwenye baa, na nilitosheka kabisa na cheo hicho.

Kisha kiwanda cha bia, ambacho ndicho kilichokuwa na jengo, kikatuma kijana mwenye tai aje atazame kama baa inalipa. Akaja Jumanne moja ya Februari, mvua inanyesha, akaketi pembeni akihesabu vichwa. Jumanne ya Februari! Hata kanisa angelihesabu siku kama hiyo angelifunga. Ndani ya mwaka ule wakatufungia, wakatangaza kuliuza jengo liwe nyumba ya kukaa. Tulilinunua sisi wenyewe kwa kila tulichokuwa nacho, kwa sababu Avis alisema hawezi kulala mahali pengine.

Sasa angalia mambo ya wakubwa. Miaka yote ilipokuwa baa, hakuna mtu wa halmashauri aliyewahi kuja kutazama dari yetu, hata kwa kisingizio cha kunywa. Ilipokuwa nyumba tu, wakaja. Wakaiweka kwenye majengo ya kale yanayolindwa. Usipigilie msumari, usiondoe ubao, usiziguse ngazi. Ukigusa bila ruhusa ni kosa la jinai. Mama mmoja wa kijiji cha pili alibadilisha madirisha yake yaliyooza, akasimamishwa kizimbani kama mwizi wa farasi.

Ngazi zenyewe ndizo zilizotutesa. Ziko nyuma ya kilango kidogo ubavuni mwa dohani, zinaizunguka dohani kama gamba la konokono. Kila kipandio kimekatwa pembe, upande mmoja mguu unaenea, upande wa pili hata kidole gumba hakienei. Mimi nikipanda, mabega yote mawili yanafuta chokaa ukutani. Wazee waliojenga walijua fika kwamba jeneza halitapita hapo, kwa hiyo wakaacha njia nyingine. Katika sakafu ya chumba cha juu kuna mbao zinazofunguka kwa bawaba, kama mlango uliolala. Ukiufungua, unaiona baa chini yako, mbele tu ya kaunta. Aliyefia juu aliteremshwa hapo kwa kamba, akawekwa juu ya mapipa mawili, watu wakanywa naye mara ya mwisho, kisha akatoka kwa mlango ule mpana kama mteja mwingine yeyote.

Tuliuita mlango wa majeneza, na hatukuuogopa. Bibi yake Avis alipita hapo. Baba mkwe naye alipita, na kamba moja nilishika mimi mwenyewe, ikanichuna kiganja. Chumba hicho ndicho kilichokuwa chetu. Miguu ya kitanda chetu ilisimama ukingoni mwa mbao hizo, na kila asubuhi Avis alizifagia kama alivyofagia sakafu nyingine.

Alianza kuugua nyonga, kisha mapafu. Jioni moja ya Januari alipanda akishikilia kamba iliyofungwa ukutani badala ya reli, akipumzika kila kipandio, mimi nyuma yake nimemkinga kwa mikono. Alipofika akasema, "Haya, nimefika." Hakushuka tena.

Watu wa gari la wagonjwa walikuja na kile kiti chao cha kubebea. Wakakiinamisha, wakakigeuza, wakakitoa.

"Mama, ngazi hizi walijengewa panya," mmoja akamwambia.

"Panya wetu ni wanene kuliko wewe," Avis akamjibu, "na wanapita."

Lakini kiti hakikupita, na wao kumbeba mikononi walikatazwa na sheria yao ya kazi. Mimi nilijaribu siku moja kumbeba mgongoni. Tulipofika kwenye kona akakosa pumzi, midomo ikawa ya buluu, ikabidi nirudi naye kinyumenyume. Baada ya hapo sikujaribu tena. Muuguzi akawa anamfuata huko huko juu.

Halafu akaja mtu wa lifti. Siku hizi kuna lifti ndogo za nyumbani, mtu anaketi kwenye kiti ndani yake, inapanda na kushuka kama ndoo ya kisima. Akaupima ule mlango wa majeneza, akapima tena, akatabasamu. "Mzee, hapa ni kama palitengenezwa kwa ajili yake. Tundu mnalo tayari." Usiku ule mimi na mke wangu tulilala tukicheka. Tundu tunalo tayari!

Tukaomba ruhusa ya kuiweka, na halmashauri wakamleta ofisa wao wa majengo ya kale, kijana anaitwa Tristan Ashdown. Si kijana mbaya. Hicho ndicho kinachonikera zaidi, kwamba wanatutumia vijana wazuri. Alivua viatu mlangoni, akamwomba Avis radhi, akaingia chini ya kitanda na tochi. Tukawa tunaongea na soksi zake.

"Mbao za mwaloni," zikasema soksi. "Na bawaba zilifuliwa kwa mkono. Bibi Thirtle, unajua kwamba katika wilaya yetu yote mlango wa namna hii uliobaki mzima ni huu peke yake?"

"Na mimi je?" Avis akauliza. "Wa namna yangu wamebaki wangapi wilayani?"

Kijana akatoka chini ya kitanda, vumbi puani, amepigwa na haya.

"Tatizo ni kwamba lifti itataka boriti ikatwe na mbao ziondoke, mama. Zikishaondoka hazirudi."

"Mimi naomba kushuka, mwanangu, siombi kumwondoa mtu. Niteremshe, kisha uzirudishe mbao zako."

"Anayeamua si mimi. Ni kamati."

"Basi iambie hiyo kamati ije ilale hapa mahali pangu. Godoro ni laini."

Akacheka, na alipoaga akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Baada ya majuma mawili akatuma fundi apigilie vyuma viwili upande wa chini wa ule mlango, kwenye dari ya baa, ili mbao zisilegee wakati kamati inatafakari. Skurubu zilikuwa za namna ambayo vichwa vyake havina mahali pa kutia bisibisi. Nilimpa fundi chai na keki. Nilimshikilia ngazi yake isiteleze. Nilidhani anatusaidia.

Sasa nikueleze jambo ambalo Avis alilitaka, maana alitaka moja tu.

Timu ya vishale ya Mbweha na Bata haikufa baa ilipokufa. Kila mwaka, Ijumaa ya kwanza ya Oktoba, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani, wazee wale huja kwetu sebuleni na chupa zao wenyewe. Tunakula pai ya nyama ya nguruwe na mayai ya siki, kisha wanacheza. Ubao wa vishale bado uko ukutani. Ndicho kitu pekee humu ndani ambacho halmashauri walisema naweza kukitoa nikitaka, kwa hiyo sikukitoa.

Mchezo wenyewe unaanza na mia tano na moja, unarusha vishale vitatu kwa zamu, na kila unachopata kinapunguzwa mpaka ufike sifuri, na kishale cha mwisho sharti kiingie kwenye duara jembamba la pembeni, lile la maradufu, ambalo namba yake huhesabiwa mara mbili. Mwenye chaki alikuwa Avis siku zote. Hakuandika kwanza ndipo akahesabu. Kishale cha tatu kikiwa bado kinatetemeka ubaoni, yeye ameshakutajia kilichobaki, amekutukana kidogo, na amekuuliza kama utakunywa kingine.

"Ijumaa ya vishale nitakuwa chini," alimwambia muuguzi. Akamwambia daktari. Akamwambia kasisi, ambaye alikuja kwa mambo mengine. "Sitaki kupelekwa baharini, sitaki maua. Nataka nisimame nyuma ya kaunta yangu. Haya, niketi. Niketi nyuma ya kaunta yangu niwaone sura zao wanapokosa."

Kamati ilikuwa ikutane Septemba. Nilikuwa nikimwambia Avis kila asubuhi, Septemba hiyo inakuja. Septemba ikafika, nikapanda basi mpaka ofisini kwao nikasikie wenyewe wameamuaje. Nikamkuta dada mmoja nyuma ya kioo.

"Kikao kimeahirishwa, baba. Wajumbe hawakutimia."

"Wako wapi?"

"Likizo. Watatu wako Hispania."

"Walikwendaje huko, walishuka ngazi?"

"Samahani?"

"Nauliza nyumbani kwao. Walishuka ngazi kwa miguu yao?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta kengele ya kumwita mlinzi. "Kikao kijacho ni Novemba," akasema. "Mtataarifiwa tu."

Novemba. Nilirudi nikamwambia Avis. Hakulia. Alikaa akitazama dirisha, kisha akasema, "Wenzetu wana jua, eh?"

Ijumaa ya vishale, Wilf Gooderham na Dougie Spall wakaja mapema kuliko wengine. Wilf alikuwa fundi wa kuezeka paa za matete, Dougie mfuga nguruwe. Wote wawili wana migongo mibovu. Wilf alibeba kamba zake za kazi begani.

"Tunamteremsha mwenye baa," akasema, hata salamu hakutoa. "Nimefikiri wiki nzima. Tunafungua ule mlango wa juu, tunamfunga kwenye kiti cha marehemu baba yake, tunamshusha polepole. Wewe na mimi juu, Dougie anapokea chini."

"Kwa nini mimi chini?" Dougie akauliza.

"Kwa sababu wewe ni mnene. Akianguka ataangukia mahali palaini."

Mbao za dari ni nyembamba na zina tundu moja la fundo la mti. Sauti ya Avis ikatoka hapo. "Nawasikia, nyinyi! Mimi si gunia la matete!"

"Unaonaje, mwenye baa?" Wilf akapaza sauti kuelekea darini. "Unakubali?"

"Baba alipita hapo amekufa, na suti," akasema. "Mimi nitapita na gauni la maua. Clem! Njoo unitolee gauni la maua."

Nilimtolea. Nikamsaidia kulivaa, likampwaya mabegani. Nikasogeza kitanda, nikaenda kuleta bisibisi. Hapo ndipo nilipozitazama zile skurubu za halmashauri kwa makini kwa mara ya kwanza. Bisibisi iliteleza juu ya vichwa vyake kama inateleza juu ya barafu. Dougie akajaribu kwa koleo, koleo likaruka, akajikata kidole. Wilf akasema hapa ni mtaimbo tu.

Nilikuwa na mtaimbo wangu wa mitaro. Nikapanda juu ya kaunta, nikauchomeka kati ya chuma na mbao, nikauvuta. Mwaloni ule ukalia. Ulilia kama mnyama, na chembe za vumbi jeusi zikanimwagikia usoni.

"Clem! Acha!"

Nikavuta tena.

"Clement Thirtle, acha nimesema! Njoo huku juu!"

Nikapanda. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni la maua na viatu. Viatu hakuwa amevivaa tangu Januari.

"Ukivunja watakupeleka mahakamani," akasema.

"Wanipeleke."

"Yule mama wa madirisha aliachiwa nini? Nyumba iliuzwa."

"Nisikilize, mke wangu. Leo ni Ijumaa yako."

"Na Jumatatu je? Mimi siendi mbali na siku hizi zilizobaki, wote tunajua. Nikiondoka utakaa wapi? Mtaroni?" Akanishika sharubu, akanivuta kichwa mpaka kikagusana na chake. "Umenunua nyumba kwa ajili yangu. Usiipoteze kwa ajili yangu. Shuka, ukawape mayai."

"Na wewe?"

"Mimi nitaisikia."

Nilishuka. Wilf akanitazama usoni, akaanza kuzikunja kamba zake bila kuuliza.

Wengine wakafika, tukala. Kisha Dougie akachukua vishale, akasimama kwenye mstari, akaitazama chaki iliyolala mahali pake, na hakuna aliyetaka kuishika. Akarusha. Vikagonga ubao, ta, ta, ta.

"Sitini!" Dougie akapiga kelele kuelekea darini.

"Mia nne arobaini na moja!" dari ikajibu. "Na mguu wako uko mbele ya mstari, Dougie Spall, nakujua!"

Mguu wake ulikuwa mbele ya mstari kweli. Wazee wakaangua kicheko, chupa zikafunguliwa, na kwa muda ule mfupi naapa ilikuwa baa. Mtu anarusha, anaita, na Avis anateremsha kilichobaki kupitia lile tundu la fundo, pamoja na matusi yake. Walipokosea kujumlisha aliwasahihisha bila kuuona ubao. Nilisimama nyuma ya kaunta mahali pake nikifuta glasi zisizo chafu, nimeinua uso. Katikati ya namba moja na nyingine nilimsikia akivuta pumzi. Wao sidhani kama walisikia. Au labda walisikia.

Mwisho wakabaki wawili, mmoja wao Wilf, ambaye mkono wake ni wa chuma, alitupatia vikombe viwili vya wilaya.

"Thelathini na mbili," Avis akasema. "Kumi na sita maradufu, Wilf, twende tukalale."

Wilf akarusha, vyote vitatu nje ya duara. Akampisha mwenziwe, akarudi, akakosa tena. Kisha tena. Mara ya nne kishale chake kilikwenda ukutani kabisa, kwenye chokaa inayolindwa na sheria, na nikaelewa. Wengine nao walikuwa wameelewa. Mpinzani wake, aliyebakiwa na namba rahisi ya mtoto mdogo, alikuwa akikosa vile vile. Wazee wale walisimama wakizungusha ule mchezo usiishe, kila mmoja akipaza sauti, "Nimekosa, mwenye baa!" na yeye akijibu, sauti ikizidi kupungua, "Thelathini na mbili bado."

Hatimaye akasema, "Wilf Gooderham. Unakosa kwa makusudi."

Wilf alikuwa amesimama ameshika vishale, machozi yanamtoka waziwazi.

"Nakushukuru. Sasa maliza, nimechoka."

Akamaliza kwa kishale kimoja.

Walipoondoka nilimvua viatu. Nikamuuliza ilikuwaje. Alikuwa na furaha, au alitaka nidhani ana furaha.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Kama redio." Akafumba macho. "Ila redio huoni sura, Clem. Wilf alikuwa na sura gani aliponikosea?"

Nilijaribu kumweleza. Sina maneno ya kueleza sura ya mtu. Nilisema alikuwa mwekundu.

Alifariki kabla Oktoba haijaisha, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya shati langu.

Akaja mtu wa mazishi, Bwana Ebbage, na wasaidizi wake wawili. Akazipanda ngazi, akazishuka, akavua glavu.

"Bwana Thirtle, jeneza halitapita hapa. Naweza kumfunga kwenye mfuko, tumshushe akiwa amesimama. Lakini nisingependa. Mke wako alinipa chai mara nyingi."

"Kuna mlango wa juu," nikasema. "Umefungwa na halmashauri. Lazima kamati ikae."

"Ngoja niwapigie."

Alipiga palepale, amesimama mbele ya kaunta. Nilisikia sauti ya yule kijana Ashdown ndani ya simu, ingawa si maneno. Bwana Ebbage akasema ndiyo, akasema naelewa, akasema asante sana. Akaweka simu mfukoni.

"Anakupa pole nyingi. Anasema kwa jambo hili hapahitajiki kamati. Kumshusha maiti ndiyo matumizi ya asili ya mlango ule. Fundi anakuja sasa hivi."

"Sasa hivi?"

"Ndani ya saa moja, amesema."

Na alikuja. Fundi yule yule, gari lile lile. Alikuwa na kichwa maalumu cha bisibisi, kidogo kama ncha ya kalamu, na skurubu zilitoka zote kabla maji hayajachemka. Hakunitazama. Sikumpa chai.

Wilf alileta kamba zake. Hakukubali wasaidizi wa Ebbage wazishike, akashika yeye na Dougie, migongo yao na yote. Mimi nilikuwa chini kupokea. Mbao zikafunguka bila hata kelele, mwanga wa chumbani ukaanguka juu ya kaunta, jeneza likapandishwa tupu, na mke wangu akateremka ndani yake barabara, kimya, bila kugusa ukingo wowote. Ilichukua muda mfupi kuliko kupandisha pipa.

"Moja kwa moja garini?" Bwana Ebbage akaniuliza taratibu.

Nilimwambia nataka akae kidogo nyuma ya kaunta. Wakajaribu. Kilango cha kaunta ni chembamba, kilitengenezwa kwa mtu mmoja anayepita kwa ubavu na glasi mikononi, na jeneza halikuingia. Kukata kaunta hakuruhusiwi. Kwa hiyo alikaa upande wa mbele, mahali wanaposimama wateja, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kusimama upande huo. Wazee wakavua kofia. Hakuna aliyejua aseme nini, maana wa kusema alikuwa yeye.

Ashdown alikuja baada ya mazishi, na maua. Alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia aingie. Akanieleza kwamba ombi letu la lifti limefungwa kwa kuwa mhitaji hayupo tena, na kwamba alitaka niisikie habari hiyo kwake si kwa mtu mwingine. Alisema alikuwa ameandika kwa kamati akituunga mkono. Huenda ni kweli. Alisema walikuwa karibu kukubali. Huenda hilo nalo ni kweli. Nikamuuliza karibu ni wapi. Akatazama juu darini.

"Unaruhusu nipande nikaangalie?" akauliza. "Nihakikishe tu haujaharibika."

Nikamwambia nenda, ngazi unazijua.

Nilibaki nimeketi kwenye benchi. Nilimsikia akitembea kule juu kwa soksi, kisha nikamsikia akipiga magoti mahali miguu ya kitanda ilipokuwa. Mlango ukafunguka juu ya kaunta, uso wake ukaonekana umeinama, na tochi. Akaufunga. Akaufungua tena. Akaufunga, akaufungua, taratibu, akisikiliza bawaba.

"Bwana Thirtle," akaniita kutoka huko, na sauti yake ilikuwa na mshangao wa kweli, "unafanya kazi vizuri kabisa. Miaka yote hii. Hata mtoto angeweza kuufungua."

"Ufunge," nikamwambia. "Baridi inashuka."